Ubani Nyumbani kwa Mize

La kuvunda halina ubani. Mliisikia jana msibani, na leo mnaitafuna kama kashata. Kaeni, wajukuu zangu, na wewe acha kuchekacheka, halina kicheko hili. Methali hii ilianza hivi.

Shangazi yangu Mize aliolewa na Kombo, fundi wa milango, mvuta sigara. Mtoto wao Tatu alizaliwa na pumu. Akipata moshi kidogo tu, kifua kinambana. Hata ubani haukuchomwa nyumba ile.

Siku moja mtoto alizidiwa mpaka wakamkatia tamaa. Alipopata nafuu, Kombo aliweka mkono juu ya kile kifua kidogo akaapa: "Mke wangu, sivuti tena." Mize akamwamini. Kwa nini asimwamini? Mumewe.

Kumbe wapi! Mize akitoka, Kombo huvutia chumbani, kisha hutafuna karafuu. Asubuhi moja Tatu alikuwa na homa, mama yake akaenda kumchukulia dawa. Kombo akavuta. Kutazama, karafuu zimekwisha! Mwenye hatia hana akili: akatia ubani chetezoni, akafukiza nyumba nzima.

Mize alifika mlangoni, harufu ikampokea. Ubani, nyumba ile? Basi Tatu hayupo tena, akawaza, huu ni ubani wa kuoshea maiti. Chupa ya dawa ikamponyoka.

"Mwanangu wee!"

Majirani wakaja mbio, wanaume wakaenda msikitini kuchukua jeneza. Kombo akatoka.

"Amekufa saa ngapi?" Mize aliuliza.

"Hajafa, mama Tatu. Amelala."

"Na ubani?"

Ndani mtoto akaanza kukohoa. Mize akamkimbilia, akamtoa uani, akampepea kwa kanga mpaka pumzi ikarudi. Kisha akamsogelea mumewe, akamnusa shati mbele za watu.

"Umeniliza msiba wa mwanangu naye yu hai, ili ufiche sigara? La kuvunda halina ubani, Kombo."

Kombo hakuvuta tena, haki ya Mungu. Lakini kwa miaka ishirini mkewe alimnusa kila alipoingia. Siku Kombo alipofariki ghafla, watu wakafukiza ubani chumbani. Mize alikuwa jikoni, hajaambiwa bado. Harufu ikamfikia. Hakulia, maskini. Aliuliza tu:

"Leo tena anaficha nini?"

La kuvunda, wanangu, halina ubani.