Jina la Binti wa Sekela

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana mtoto ninayemsimulia hajaota hata jino, palikuwa na mwanamke aitwaye Sekela. Kaeni vizuri. Asiyetaka kusikiliza atoke sasa hivi, mimi sipendi kukatizwa.

Sekela alijifungua binti katika kituo cha afya cha milimani. Siku ya pili hiyo, na maziwa hayapiti kooni. Mtoto akinyonya anapaliwa, akipaliwa anageuka rangi. Ndege ndogo ya madaktari ilikuwa imetua uwanja wa mpira, na rubani alishasema wazi: ukungu ukishuka mpaka goli la chini, anaruka, awe na mgonjwa asiwe naye. Na mgonjwa hapandi bila barua ya rufaa. Si ya kuandika kwa mkono, hapana! Iliyotoka kwenye mfumo, yenye namba, sahihi na muhuri.

Barua ilikuwa tayari ndani ya kompyuta. Printa ya zamani ilikufa juzi yake. Mpya ilikuwapo, wiki mbili imekaa mezani imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni. Lakini hiyo mpya ilitaka waya wake yenyewe, mpaka kwenye kisanduku cha mtandao ukutani.

Karani Mwanahija akapekua boksi la printa. Waya haumo.

Sekela akapiga magoti palepale, mtoto kifuani, akaapa mbele ya watu: "Atakayeitoa karatasi hii, mwanangu ataitwa jina lake. Mungu ananisikia!"

Bi Ndagile, mfagiaji, akajishika kichwa. "Ole wangu! Ule wa buluu? Nilidhani takataka. Nimeanikia mashuka!"

Akatoka mbio na miaka yake sitini. Sekela akamwona dirishani akifungua mafundo kwa meno, mashuka meupe yakianguka topeni. Akarudi na waya, fizi zinamtoka damu.

Wakachomeka upande wa printa. Upande wa pili, loo! Kisanduku kina matundu manne, yote yamejaa. La kwanza linaleta mtandao kutoka nje. La pili, kompyuta yenye barua. La tatu, friji ya chanjo, inayopimwa joto kwa mtandao usiku na mchana, haichomolewi. La nne, kompyuta ya nesi Nsia, na Nsia alikuwa katikati ya mtihani wa kupanda daraja, unaofanywa kwa mtandao mara moja kwa mwaka. Ukikatika, umeanguka.

"Dada Nsia," akasema Sekela. Akamnyooshea mtoto amwone.

Nsia akatazama saa ya mtihani. Akajibu swali moja zaidi. Sekela akahesabu pumzi za mwanawe: moja, mbili, tatu, nne. Ndipo Nsia akauchomoa waya wake, akaegemea ukuta analia.

Taa za printa zikawaka. Kompyuta ikasema haioni printa yoyote. Nje, ukungu ulikuwa umeshameza goli la juu.

Mwanahija akanyoosha mkono. Mganga mkuu, muhuri kiganjani, akamkemea: "Mwanahija! Nilisema mashine hii inasubiri fundi wa mkoa. Ukiigusa, kazi huna."

"Basi kazi sina."

Akabonyeza vitufe mpaka printa ikatoa ukurasa wa habari zake yenyewe, wenye namba za anwani yake mtandaoni. Akaziingiza kwenye kompyuta moja moja, akizitamka asikosee. Printa ikaguna, ikanyamaza, ikaguna tena, na karatasi ikatoka.

Sahihi. Muhuri. Sekela akakimbia peku uwanja mzima, ndege ikaruka naye na binti yake.

Mtoto akapasuliwa, akapona, akarudi mashavu yamejaa. Wanawake wakakusanyika nyumbani kumpa jina, na wale watatu wakaja.

Bi Ndagile akasema, "Mwanangu Sekela, bila waya wangu pasingetoka kitu. Mimi sikuzaa. Nikifa, jina langu linafukiwa nami."

Nsia akacheka kwa uchungu. "Waya wako, Bi Ndagile? Si wewe uliyeuficha kwenye mashuka? Mimi nilitoa changu. Mwaka mzima nilisoma, na leo wenzangu wamepanda daraja, mimi niko palepale."

"Ulitoa baada ya kujibu swali moja zaidi," akasema Mwanahija. "Mama wa watu anakutazama! Mimi nilijua nitafukuzwa, na nimefukuzwa kweli. Kesho narudi kwetu pwani. Niache japo jina hapa."

"Tobaa!" akadakia Bi Ndagile. "Namna ya kuiunganisha uliijua wiki zote mbili. Ukaifunika kitambaa kwa kumwogopa bwana mkubwa. Ungeiunganisha mapema, nani angeapa hapa?"

Sekela akawatazama mmoja mmoja. Alimpenda kila mmoja, na kwa kila mmoja alikuwa na kinyongo kidogo, na hilo la kinyongo aliona aibu kulisema. Bi Ndagile alikuwa analia. Nsia alitazama chini. Mwanahija alikuwa amemkumbatia mtoto na hakutaka kumrudisha.

Na wewe pale nyuma, usiniambie apewe yote matatu! Sekela aliapa jina moja, na aliapa kwa Mungu. Basi semeni nyie mnaojua kuhukumu: kati ya Ndagile, Nsia na Mwanahija, nani aliitoa ile karatasi, na mtoto aitwe nani?