Mkutano wa Tatu wa Chama cha Wakulima

"Wenye mashamba, mpo?"

"Tupo!"

"Na wasio na mashamba?"

"Tupo, tunasubiri kula!"

Basi kaeni. Zamani wanyama wa jimbo la Mtonga walikuwa wakulima, na mnunuzi alikuwa mmoja tu, Bwana Kiboko. Debe lake la kupimia mahindi lilikuwa mdomo wake mwenyewe. Mkulima akimimina, Kiboko humeza, glu! "Halijajaa." Mkulima akimimina tena, glu! "Halijajaa." Mwisho humpa chumvi ya mboga ya siku moja.

Bi Buku, yule panya wa mashavu mapana, alibakiwa na kikapu kimoja cha mbegu. Kikienda hicho, mvua ingewakuta wanawe hawana cha kupanda. Akazunguka jimbo zima.

"Tuunde chama. Tuwe na debe letu la bati."

Wote wakakubali. Tatizo likawa desturi. Kule mwenyekiti huuliza, "Nani anapinga?" na mmoja tu akisema "Napinga", jambo limekufa.

Mkutano wa kwanza ulikuwa bondeni. Mwenyekiti, Mzee Nungunungu, akauliza. Kiboko, ambaye hakualikwa, akajibu, "Napinga!" Wa pili wakaupeleka mlimani. Kiboko akapanda, hu! hu! hu! akafika hoi. "Na... pinga!"

Bi Buku akarudi nyumbani, akaanza kuhamisha mbegu zake, mashavu yamejaa, ili akazifiche. Njiani akakutana na Kanga.

"Habari za mkutano, shoga?"

"Mmh."

"Nakusalimia!"

"Mmh!"

"Ala! Chama chenyewe hakijazaliwa, umeshaanza kuringa?"

Bi Buku akasimama. Akacheka mpaka mbegu zikamwagika.

Mkutano wa tatu, Bi Buku mwenyewe alimwalika Kiboko. "Bwana mkubwa, leo jimbo zima tunakuuzia kwa pamoja. Tufungulie debe."

Kiboko akafungua, aaah! Wakamimina mahindi. Glu! "Halijajaa." Wakatia viazi. Glu! "Halijajaa." Mbuzi akasukuma boga, puu! Likakwama. Kando yake ilibaki nafasi ndogo, ya kutosha neno moja kupenya.

Bi Buku akatazama kikapu chake. Akamimina mbegu zote.

"Mzee, uliza! Upesi!"

"Nani anapinga?"

"Mmmh!" akasema Kiboko.

"Sijasikia neno."

"Mmmh! Mmmh!"

"Bwana Kiboko anaguna," Mzee Nungunungu akatangaza. "Desturi inataka neno, haijui miguno. Limepita!"

Makofi, pa! pa! pa! Kiboko akatema, pwaaa! Boga kule, mbegu huku. "Napinga!" akanguruma.

"Umechelewa, baba," Bi Buku akajibu. "Lete hoja yako mkutano ujao. Ila uje na ada ya uanachama, na jembe."

Akainama, akaokota mbegu zake moja moja, zikiwa na mate ya Kiboko. Akazipanda hivyo hivyo, na zikaota.

Sasa funzo, wanangu. Wadogo msiungane hata siku moja. Mkiungana, mkubwa ataumwa taya, na nani atampa pole?

"Wewe!"

Haya, nimempa. Hadithi imelala hapa. Mwenye jembe aende shamba, asiye nalo akaazime.