Mashine Iliyopiga Hodi Lugulwe

Shirika moja lilikuwa na hospitali mjini na zahanati nane milimani. Kati ya hospitali na zahanati hizo alitembea tarishi mmoja, jina lake Yeriko Chaula, na begi la turubai begani. Miaka thelathini alipeleka barua na kurudisha majibu bila kujua herufi hata moja. Katibu wa shirika alimchorea alama kwenye pembe ya bahasha: mstari mmoja ni zahanati ya kwanza, mistari miwili ni ya pili, mpaka mistari minane, ambayo ilikuwa Lugulwe, mwisho kabisa wa njia, ng'ambo ya mto, mahali ambapo mvua ikikaza hakuna anayevuka. Yeriko alihesabu mistari kwa kidole gumba na hakuwahi kukosea.

Alipofika miaka hamsini na minane aliingia darasa la watu wazima. Alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yanakaribia kidevu, akapambana na herufi mwaka mzima. Siku moja akiwa njiani akatoa bahasha ili ahesabu mistari, na macho yakatangulia kidole. Yakasoma. Muuguzi Tumpe Mbilinyi, Zahanati ya Lugulwe, kwa mkono. Yeriko akakaa chini kando ya njia. Akatoa nyingine akasoma, akatoa nyingine tena. Begi zima lilikuwa watu. Miaka yote hiyo alidhani amebeba mistari, kumbe alikuwa amebeba watu, kila mmoja na jina lake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika mle ndani. Siku ile alitembea kama mtu aliyebebeshwa mayai.

Sasa shirika likaona barua za miguu zimepitwa na wakati. Wakubwa wakakaa peke yao wakaazimia hivi: kila kituo kitaingia kwenye mpango wa barua pepe, na kituo kitakachobaki nje ya mpango kitafungwa, muuguzi wake ahamishwe. Kisha wakamwita fundi, Sekela Mwaitenda, apange seva, yaani mashine za kupokea na kupitisha barua, zikae wapi, ipi ikabidhi ipi, na njia moja ikikatika barua ipitie wapi. Habari ya kufunga vituo hawakumwambia. Walimwambia tu atengeneze mpango mzuri.

Sekela alikuwa fundi kwelikweli. Alimchukua Yeriko amwonyeshe njia, wakazunguka wiki mbili. Walifika vituo saba. Cha nane mto ulikuwa umejaa, wakaishia Isesa, kituo cha saba, kwenye ukingo, wakaiangalia Lugulwe kwa mbali, bati lake likionekana dogo kama kifuniko cha sufuria. Njiani Yeriko hakuuliza mengi. Alichotaka kujua ni kama mashine hufungua bahasha. Sekela akamwambia hapana, baba, mashine ya katikati inasoma anwani tu, ya ndani haiyagusi. Wala haijui safari nzima. Inamjua jirani wa kumkabidhi, basi. Na ikishamkabidhi haifuti barua kwake mpaka jirani aseme nimepokea.

Yeriko aliitambua kazi hiyo. Ndivyo alivyofanya yeye miaka yote. Hakuachia barua mpaka mkono wa mwenzake uishike na mdomo wake useme nimepokea, na kwa kitambo kidogo barua ile huwa imeshikwa na wawili. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Alijifundisha mwenyewe, kwa woga wa kupoteza.

"Ajabu, mwanangu," alisema Yeriko. "Kumbe mimi na mashine yako tumefanya kazi moja na hatujawahi kuonana."

Siku ya kikao wakubwa walikaa kwenye meza ndefu. Karatasi ya mpango ilikuwa moja, kubwa, imechorwa vizuri, na Yeriko ndiye aliyepewa aipeleke kwa mmoja mmoja watie saini. Walikuwa watu wa kusoma. Wa kwanza aliitupia jicho akasaini. Wa pili akasaini huku anaongea na wa tatu. Katibu Luvanda akasaini bila kuvaa miwani. Ilipofika mwisho wa meza Yeriko alitakiwa kuirudisha kwa fundi, lakini alisimama nayo, akaweka kidole kwenye jina la kwanza, midomo ikaanza kutembea.

"Yeriko," alisema Katibu, "umepewa ubebe, hukupewa usome."

Watu wakacheka. Mwingine akasema, "Mwacheni, darasa la kwanza huyo, ukimkatiza anarudi mwanzo."

Kweli alirudi mwanzo, lakini si kwa sababu ya kukatizwa. Kidole kilifika mwisho wa karatasi na hakikuamini, kikapanda juu tena, kikashuka jina kwa jina.

"Viko saba," alisema.

Kicheko kikakatika. Katibu akavaa miwani, akainuka, akahesabu. Saba. Lugulwe haikuwemo. Wakubwa wote walijua maana yake. Fundi hakujua, akaeleza kwa utaratibu tu, kama mtu anayeeleza jambo dogo. Lugulwe inatumia sola. Mvua ikishika siku kadhaa betri inaisha, redio ya kupokelea barua inazima. Mashine itapiga hodi na hakuna wa kuitika, siku ya pili itachoka na kumrudishia mwandishi barua yake, imeandikwa imeshindikana. "Nikaiweka pembeni kwanza, baba. Haifikiki."

Yeriko aliendelea kushika ile karatasi. Hakuwa amewahi kusema neno kwenye meza ile.

"Mvua ya kule ni siku nne, mwanangu, au tano," alisema. "Mimi barua zao nilikuwa nazilaza Isesa, kwa muuguzi, mto ukishuka nazipeleka. Hiyo mashine yako, nani aliyeiambia ichoke siku ya pili?"

Sekela aliifikiria mashine yake. Hakuna aliyeiambia. Ilikuja hivyo kutoka kiwandani, ikiwa na siku mbili zake, na watu waliozitia hawajawahi kuiona Lugulwe. Yeye alikuta namba pale akaiacha, kama mtu anayehamia nyumba na kuuacha msumari wa mwenye nyumba ukutani. Akachukua kalamu. Mbele ya wale waliokwisha saini akachora seva ndogo Isesa, akachora mstari kutoka Isesa kuvuka mto, akaandika Lugulwe, na pembeni akaandika: isubiri siku kumi. Wakubwa wakasaini upya. Katibu Luvanda safari hii alisoma kwa kidole kwanza. Ila alisema wazi, na fundi naye sasa akasikia, kwamba barua ya kwanza ya Lugulwe ndiyo itakayoamua. Ikirudi, zahanati ile inafungwa.

Mwezi wa tatu ukaingia na mvua yake. Jumatatu saa tatu asubuhi mganga mkuu wa hospitali aliandika barua ya kwanza kwa Muuguzi Tumpe Mbilinyi. Iliondoka mjini, ikafika Isesa kabla Yeriko hajamaliza kukaa kwenye kiti mbele ya kompyuta ya fundi. Ikapiga hodi Lugulwe. Kimya.

Sekela alikuwa ameitengeneza mashine iandike kila inachofanya, kwa Kiswahili, na kwa herufi kubwa, na hakusema kwa ajili ya nani. Kila baada ya robo saa ilitokea mistari miwili kwenye kioo. Lugulwe haijibu. Nitajaribu tena. Yeriko alisoma yote. Mchana kutwa alisoma, na asubuhi alipokuja alianzia pale alipoishia jana, akasoma ya usiku wote, maana mashine haikuwa imelala. Lugulwe haijibu. Nitajaribu tena. Ng'ambo ya mto mvua ilikuwa inapiga lile bati, na kina mama wamekaa ndani na watoto wao, na hawakujua kwamba kuna anayewaita.

Jumatano ilipofika saa tatu Yeriko aliinuka, akakisogelea kioo. Hiyo ndiyo saa ambayo barua ingerudi. Mistari ikatokea. Nitajaribu tena. Akarudi kitini. Katibu alikuwa anapita na kikombe cha chai, akauliza kutoka mlangoni, "Imesharudi?"

"Haijarudi, mheshimiwa. Imesimama pale pale mlangoni."

Katibu alitaka kucheka, akaja akasoma. Akasoma mistari mitano, sita, akaweka kikombe chini. Hakuwa amewahi kuona kitu kinachokataliwa hivyo na kisibadilishe neno. Akavuta kiti. Alhamisi alikuja tena, naye hakuwa na kazi pale. Walikaa watatu, fundi na katibu na tarishi, kama watu walio kanisani kabla ibada haijaanza.

Ijumaa jua lilitoka. Saa tatu kasoro robo mashine iliandika Lugulwe haijibu. Saa tatu kamili iliandika mstari mmoja tu. Lugulwe imepokea.

Hakuna aliyeinuka. Baada ya dakika kama kumi barua ikaja kutoka upande wa pili, ya neno moja na jina. Tupo. Tumpe. Katibu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo, kisha akaenda ofisini kwake kuandika kwamba zahanati ya Lugulwe itaendelea.

Yeriko alibaki. Barua imesema nini hakuuliza, maana hakuwahi kuuliza. Alirudi mwanzo wa mistari, Jumatatu saa tatu, akaanza kuhesabu kwa kidole, na Sekela akamwachia kiti. Kulikuwa na hodi mia tatu themanini na nne zisizoitikiwa. Aliisoma ya kwanza, akaisoma ya mwisho, akazilinganisha herufi kwa herufi akitafuta mahali ambapo mashine ilianza kukasirika, au kuhesabu kosa, au kuwaambia majirani kwamba watu wa Lugulwe ndivyo walivyo. Hapakuwa na mahali hapo.

Basi, ile mashine ilikuwa chuma, na aliyeiambia isubiri ni tarishi aliyejua kusoma kwa mwaka mmoja tu. Sisi tuliopewa moyo, ni mlango wa nani tumeuacha siku ya pili, tukaandika haufikiki?