Pimbi na Kisima cha Kifaru

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanapika na kufua kama sisi, kiangazi kikali kiliingia, mito ikakauka. Kikabaki kisima kimoja tu. Kifaru akalala mbele yake, akatangaza: "Hiki ni kisima changu. Atakayekigusa nitampiga pembe."

Pimbi mmoja, Bi Tunu, hakuwa na hata tone la kuwapikia wanawe uji. Kwa nguvu asingemweza Kifaru. Akabeba kibuyu chake, akaenda kisimani. Wanyama wengine wakamfuata kwa mbali na ndoo zao.

"Shikamoo, Mzee Kifaru."

"Marahaba. Maji hakuna."

"Sikufuata maji, mzee wangu. Nauliza tu kisima chenyewe ni kipi, nisije nikakigusa kwa bahati mbaya. Ni haya mawe ya ukingoni?"

"Mawe aliyapanga Nyani," Kifaru akakoroma. "Kisima si mawe."

"Basi ni udongo?"

"Udongo ni ardhi, uko kila mahali."

"Labda maji?"

Kifaru akacheka, kwa, kwa, kwa. "Maji yametoka mawinguni, yanapita tu. Jana yalikuwa mengine. Kisima ni hili shimo."

"Na shimoni, ukiondoa maji, mawe na udongo, kuna nini?"

Kifaru akachungulia. Akafikiri mpaka masikio yakamcheza. "Hakuna kitu."

"Ahsante, mzee. Hicho kisicho kitu ni chako, hatukigusi. Sisi tutachota maji tu."

Wote walikuwa wamesikia. Kifaru akaona haya kugeuza maneno yake, akasogea. Ndoo zikashuka, chubwi, chubwi.

"Mnakimaliza kisima changu," akanung'unika.

"Tunakikuza, mzee. Maji yakipungua, shimo lako linaongezeka."

Kifaru akatazama, akaona ni kweli. Akalilinda shimo lake kwa fahari mpaka jua la adhuhuri likamkausha koo.

"Bi Tunu," akasema kwa sauti ndogo, "nina kiu. Ila nilishasema maji si yangu."

Bi Tunu akacheka, akamsogezea kibuyu. "Wala si yangu, mzee. Ndiyo maana yanatutosha sote. Kunywa."

Kifaru akanywa, gudu, gudu, gudu, kisha akainuka kuwasaidia wengine kuvuta ndoo. Jioni ile uji ulichemka kila nyumba, na Kifaru alialikwa kote.

Basi, wanangu, hakuna kitu kinachosimama peke yake, na anayeking'ang'ania kiwe chake tu hubaki ameshika utupu.