Arobaini ya Kiboko

Paukwa.
Pakawa.
Mwenye sindano?
Asitetemeke.
Mwenye chale mbichi?
Asijikune.
Na mwenye hadithi?
Aanze, tumeshakaa.

Haya. Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanaongea, na binadamu alipokuwa bado anasikiliza, paliingia kiangazi kibaya. Mto ukakauka, chemchemi zikakauka, hata matope yakakauka yakawa magae. Likabaki bwawa moja tu, na ndani ya bwawa hilo alikaa Kiboko.

Nasema alikaa, lakini ukweli ni kwamba alilijaza. Tumbo lake huku, makalio yake kule, na kichwa katikati kikiuliza swali lile lile.

Swala akaja, ulimi nje. Kiboko akamuuliza, "Bwawa la nani?"

"Lako, bwana."

"Basi kameze mate."

Swala akaenda zake.

Nyumbu akaja, ulimi nje. "Bwawa la nani?"

"Lako, bwana."

"Basi kameze mate."

Nyumbu akaenda zake.

Akaja Nungunungu. Huyu alikuwa mama wa watoto wawili, na watoto wenyewe tangu juzi walikuwa hawalii. Mtoto akilia kwa kiu bado ana nguvu. Akinyamaza, mama hakai.

"Bwawa la nani?"

"Lako, bwana," akasema Nungunungu. "Ila mgeni atajuaje?"

Kiboko akatoa masikio nje ya maji, prrr. Tangu aanze kuuliza swali lake hakuna aliyewahi kumjibu kwa swali.

Nungunungu akamweleza taratibu, kama anayemwonea huruma. Wakubwa wote wa mwituni wamejichora. Twiga amejichora. Punda milia amejichora, ingawa yeye alijikuna kabla ya kupona, ndiyo maana mistari ikamtambaa mwili mzima. Chui alianza na nukta moja tu begani, akanogewa, akashindwa kuacha. Kiboko peke yake, mkubwa kuliko wote hao, yuko mtupu kama yai la kuchemsha.

"Na nani aliwachora?"

"Mimi," akasema Nungunungu, akajitikisa mgongo. Miiba ikalia cha-cha-cha-cha.

Twiga, Punda milia na Chui walikuwa wamekwenda mbali kutafuta maji, hawakuweza kuulizwa. Kobe aliweza, kwa sababu Kobe huwa hajafika mbali. Kiboko akamwita, akamuuliza kama na yale magamba yake ni kazi ya huyu mama. Kobe alizaliwa na magamba yake. Lakini naye alikuwa na kiu.

"Iliuma kidogo siku ya kwanza," akasema Kobe. "Miaka tisini sasa, hata haijafifia."

Kiboko akakubali.

Nungunungu, semeni mtakavyo juu yake, alikuwa fundi mwaminifu. Kila ushauri aliompa Kiboko ulikuwa wa kweli, na naomba mkumbuke hilo tukifika mwisho. Alimuuliza kama amekula, maana anayechanjwa akiwa na njaa huzimia. Alimuuliza kama amekunywa pombe, maana damu ya mlevi haigandi haraka. Aliwasha moto, akang'oa mwiba mpya mbele ya macho ya mteja, akaupitisha kwenye ndimi za moto, akasema mwiba wa mtu mmoja hautumiki kwa mwingine. Akakoroga wino wa masizi na utomvu.

Kisha akauliza mchoro gani.

Kiboko alitaka jina la mkewe. Nungunungu akauliza, yupi? Kiboko akafikiri, akafikiri, jua likasogea, akasema jina tuliache. Akataka maneno ya lugha ya korongo, wale wanaokuja vuli kutoka Ulaya.

"Maana yake nini?"

"Sijui. Ila yanasikika vizuri."

"Bwana, utazeeka nayo mwilini. Usijichore usichokijua."

Mwishowe Kiboko akaamua. Alitaka bwawa, na yeye katikati ya bwawa, na wanyama wote pembeni, mbali na maji, wamepiga magoti. Alitaka achorwe makalioni, upana wote. Nungunungu akamsihi achague mahali anapoweza kupaona mwenyewe, bega kwa mfano, au mguu wa mbele. Akamsihi mara ya pili. Akamsihi mara ya tatu.

"Mimi naangaliwa," akasema Kiboko. "Kuniangalia ni kazi ya walio nyuma yangu."

"Kama ni uamuzi wako, bwana."

Nungunungu akamkalisha Kobe kando, kuwa shahidi, kama ilivyo kwa kila chale. Kiboko akasema afanye haraka, na kwamba ngozi yake mkuki haupiti, sembuse mwiba.

Ti-ti-ti-ti, ukapita.

Ti-ti-ti-ti. Kiboko akauma gogo. Gogo likavunjika, kwacha. Ti-ti-ti-ti. Maji yakamtiririka machoni.

"Kulia kunaruhusiwa," akasema Nungunungu. "Chui alilia."

"Hili ni jasho," akasema Kiboko.

Kobe akaangalia pembeni, kwa adabu. Kisha akaangalia makalio ya Kiboko, akaona mchoro, akaona damu, akaitikia kwa kichwa kwamba ameviona vyote viwili.

Kazi ilipoisha, Nungunungu akaupaka mchoro mafuta ya nyonyo na kumpa mteja masharti. Kidonda kibichi hakiingii kwenye maji ya kusimama. Kidonda kibichi hakipigwi jua. Kidonda kibichi hakikunwi, hakisuguliwi kwenye mti, hakigaagazwi matopeni. Kwa ngozi ya kawaida ni wiki tatu. Kwa ngozi ya heshima kama yake, siku arobaini, kivulini, nyuma ya kilima, upepo mzuri. Ataletewa kila kitu.

"Siku arobaini? Mimi nimezaa?"

"Umezaa mchoro, bwana. Uko tayari kuutupa?"

Basi Kiboko akaingia arobaini kama mzazi. Akalazwa kwa tumbo ndani ya pango, akaletewa uji, akaletewa majani laini, akapepewa. Wanyama wakamjia mmoja mmoja kumpa pole na hongera. Kila aliyekuja alizunguka nyuma, akautazama mchoro wote, kisha akasema ni mzuri kuliko alivyotarajia. Kiboko aliona hata machozi. Akasema moyoni, hii ndiyo heshima.

Na upande wa pili wa kilima? Chubwi. Gu-gu-gu-gu. Swala alikunywa, Nyumbu akanywa, na watoto wawili wa Nungunungu wakanywa, wakalala, wakaamka, wakalilia chakula. Mama yao akasikia kile kilio akakaa chini.

Siku ya kumi Kiboko akasikia ile chubwi. Akauliza ni nini. Nungunungu akamwambia wanalisafisha bwawa lake, ili akipona asiingize mchoro kwenye uchafu. Kiboko akaagiza wasafishe vizuri zaidi.

Siku ya ishirini na moja akachoka. Akasimama, pango likatikisika, akasema wiki tatu zimetimia, hasikii maumivu, uji umemkinaisha, anarudi kwake leo hii. Nungunungu alijua mvua bado iko mbali, na kwamba bwawa likifungwa leo, wanawe watanyamaza tena. Hakumzuia. Akachukua jani bichi, akampangusa shingoni, akamwonyesha.

Jani lilikuwa jekundu.

Nyie mnajua, na mimi najua, na kila aliyewahi kumwona kiboko nchi kavu anajua: kiboko akikaa nje ya maji, ngozi yake hutoa jasho jekundu. Ndivyo alivyoumbwa. Lakini Kiboko huyu alikuwa hajawahi kutoka majini muda wa kutosha kulitambua jasho lake mwenyewe. Aliyesema machozi ni jasho sasa akaliona jasho akasema damu.

"Natoka damu."

"Mimi sijasema kitu, bwana."

"Shingoni? Mchoro si uko nyuma?"

Nungunungu akampangusa na mgongoni. Jekundu. Akampangusa na ubavuni. Jekundu. Akakunja majani yake bila haraka.

"Ukitaka kwenda, nenda. Mimi nashauri tu, silazimishi. Ila wino ukivuja, picha itageuka madoa, na watu watadhani ni upele."

Kiboko angevumilia kidonda, na pengine hata kifo kikija kwa adabu. Kudhaniwa ana upele, hapana. Akalala tena kwa tumbo, tifu, akaomba uji mwingine.

Siku ya arobaini ikafika, na mvua bado. Kigaga kilikuwa kimebanduka chenyewe, ngozi imetulia, mchoro unang'aa. Kusema kweli hakuna chale iliyowahi kupona vizuri namna ile. Nungunungu akamwambia amepona, akatangulia mbele. Nyuma yake zikaja hatua, tii, tii, tii.

Bwawani Kiboko akakuta midomo. Midomo ya Swala majini, midomo ya Nyumbu majini, na watoto wawili wa Nungunungu wamezama hadi shingoni. Kiboko akafungua kinywa, nanyi mnajua kinavyofunguka. Watoto wale wawili wangeingia kwa pamoja.

"Bwawa la nani?"

"Lako," wakajibu wote. "Na la ndugu zako."

"Ndugu gani?"

Kobe akasogea, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwambia aharakishe. Akamweleza Kiboko alichobeba makalioni. Bwawa lipo. Yeye mwenyewe yupo katikati, na kapendeza. Na wanyama wote wapo, lakini hawako mbali na maji na hawakupiga magoti. Wana midomo majini, na mguu wa mbele wa Kiboko umelala begani mwa Swala. Chale hizo zilitoka damu mbele ya shahidi, naye shahidi ni yeye Kobe. Na sheria ya mwituni ni moja: ukimwaga damu yako kwa picha ya mwenzako mbele ya shahidi, mmechanjiana undugu. Ndugu wa kuchanjiana hanyimwi maji.

"Na akinyimwa?"

"Aliyenyima huvimba tumbo," akasema Kobe, "hadi lipasuke."

Kiboko akainamisha kichwa, akaliangalia tumbo lake. Siku arobaini za uji. Akafunga kinywa.

Akamgeukia Nungunungu, na sauti ikatoka ndogo kuliko alivyokusudia. "Ufute."

"Kufuta kupo, bwana. Maumivu ni mara tano." Nungunungu akavuta wanawe karibu. "Na arobaini ni tano. Nikutandikie pangoni?"

Kiboko akatazama kilima. Akatazama maji. Kisha akakimbia, wanyama wakampisha, chubwi, akazama makalio kwanza.

Tangu siku ile Kiboko hutoa nje macho, pua na masikio tu. Wataalamu watawaambia anajikinga na jua. Anaficha mchoro. Nao wengine wanakunywa pembeni, gu-gu-gu-gu, wala yeye haulizi tena bwawa ni la nani, asije akajibiwa.

Mafunzo ya hadithi hii, kwa vijana mnaotaka kujichora: msikilizeni fundi. Kuleni kwanza, msinywe pombe, daini mwiba mpya, msijikune, msiingie majini, msikae juani. Kiboko aliyafuata masharti yote bila kuruka hata moja, na tazameni alivyofaulu. Bwawa alilipoteza, lakini hakutunga usaha.

Hadithi yangu imekauka, kigaga kimedondoka. Ikikupendeza, jichore. Ikikuwasha, usiikune.