Tulipu ya Mkunde

Haya, kaeni kitako!

— Tumekaa, bibi!

Na masikio? Mmeyaacha kwa mama zenu?

— Tumekuja nayo!

Basi yatumieni. Wewe Singano, acha kumfinya mwenzako, au nitakaa kimya mpaka kesho.

Hapo kale, kale kwelikweli, babu wa babu zenu hawajajua hata kulia, milima hii ilikuwa na baridi ya kung'ata. Na katika baridi hiyo aliishi mjane, jina lake Mkunde. Mumewe alipokufa alimwachia shamba moja tu, kule bondeni, mahali pa sakitu. Mnaijua sakitu? Ni ule umande unaoganda juu ya majani ukawa mweupe kama unga. Mkunde akipanda maharage, sakitu inachoma. Akipanda migomba, sakitu inachoma. Akipanda mtama, je?

— Inachoma!

Eeh. Na alikuwapo shemeji yake, Shekigenda, ndugu wa marehemu, mtu mwenye ng'ombe wengi na huruma haba. Siku moja akaenda barazani kwa Zumbe, mtawala wa milima yote.

"Zumbe," akasema, "shamba lile halioti kitu mikononi mwa shemeji. Nipe mimi, nilishie ng'ombe."

Mkunde alikuwa hapohapo, akisikia. Wazazi hana, kaka hana, shamba jingine hana. Akitolewa pale atakwenda wapi? Akafungua mdomo, na maneno yakatoka kabla hajayapima.

"Zumbe wangu, litaota tulipu!"

Baraza zima likacheka. Ngojeni niwaambie walicheka nini.

Miaka mitatu nyuma, mgeni wa nchi ya mbali, nchi ambako maji hugeuka jiwe, alimletea Zumbe kapu la vitunguu. Si vya mchuzi, wewe mlafi! Vitunguu vya ua liitwalo tulipu. Zumbe akavigawa kila nyumba, maana alitamani sana kuliona ua hilo kabla hajafa. Watu wakapanda, yakaota majani. Wakavichimbua, wakavilaza darini juu ya moto, vipate moshi. Ndiyo desturi yetu watu wa mlimani: mahindi darini, maharage darini, mbegu yoyote darini. Mwaka wa pili wakapanda tena, yakaota majani. Mwaka wa tatu, majani! Ua hakuna aliyeliona.

Zumbe akapangusa machozi ya kicheko. "Haya, Mkunde. Siku ya ngoma ya kuaga kipupwe nitakuja bondeni kwa miguu yangu. Nikilikuta ua, shamba ni lako na la uzao wako. Nisipolikuta, ni la Shekigenda."

Mkunde akarudi nyumbani akijilaumu: mdomo huu, mdomo huu! Akapandisha mkono darini. Vitunguu vitatu tu, na vina joto kama mayai yanayoatamiwa. Akavishika, akawaza. Kwao maji ni jiwe, na mimi navilaza juu ya moto! Akachukua jembe.

Mama mkwe akapiga kelele. "Mkunde! Mbegu isiyoona moshi ni mbegu ya yatima! Wazee watasemaje?"

"Mama, wazee walilaza mahindi, nao walijua mahindi. Mgeni huyu, kitunguu hiki, hawakumjua."

Akashuka bondeni penye baridi kuliko kote. Akainua tuta ili maji yasituame. Akavipanda, ncha juu, kina cha kiganja. Sakitu ikaanguka, Mkunde akatazama. Sakitu ikaanguka tena, Mkunde akatazama. Kitunguu kimoja kililiwa na fuko, mwizi yule wa chini kwa chini. Cha pili kilioza. Akalia, sikufichi, alilia kweli. Kisha akakizungushia cha tatu miiba.

Cha tatu kikatoa majani. Siku nyingi, majani. Na katikati ya majani, asubuhi moja, akaona kitu kimefumba kama ngumi ya mtoto mchanga.

Siku ya ngoma ikafika, na ukungu nao ukafika. Zumbe akashuka na watu wake. Wakainama, wakaona ngumi ile ya kijani, imefumba.

"Ua gani hili?" Shekigenda akasema. "Hiki ni kidole gumba! Zumbe, twende, ng'ombe wangu wana njaa."

Zumbe akageuka aondoke. Mkunde akamzuia njia, mjane yule, mbele ya Zumbe!

"Zumbe wangu, mgeni huyu hachanui gizani. Subiri jua. Jua likitoka na asifumbuke, nitaondoka mwenyewe."

Zumbe akasubiri. Ukungu ukapanda taratibu. Jua likagusa kilima, likagusa tuta, likagusa ile ngumi. Na ngumi ikafumbuka! Nyekundu, wanangu, nyekundu tupu, na pindo jeupe kuzunguka kila petali yake! Wanawake wakapiga vigelegele bonde likaitika. Zumbe mzee akakaa chini kwenye tope, akicheka na kulia pamoja.

"Nimeliona," akasema. "Shamba ni la Mkunde na uzao wake. Na ua hili liitwe tulipu ya Mkunde."

Shekigenda naye, kwa kujipendekeza, akanyoosha mkono alichume ampe Zumbe.

"Shemeji," Mkunde akasema mbele ya wote, "ondoa mkono shambani mwangu."

Akauondoa! Tena haraka!

Ndiyo maana nasema, wanangu: kitu usichokijua, kiulize kwanza kwao ni wapi, ndipo ukitunze. Heshima kwa desturi ni jambo jema, lakini desturi ya mahindi ni ya mahindi.

Kisa nimekitua, kapu ni tupu. Atakayekuwa na kingine na akibebe, mimi mgongo unauma.

— Tumekipokea, bibi!