Waridi Lililoonewa Choyo

Kiangazi kilipokaza, kisima pekee kilichobaki na maji kilikuwa cha Bwana Makame, tajiri aliyekitia kufuli ili apate kumwagilia mawaridi yake. Bi Kazija, msuka mikeka, akaenda kumwomba kwa niaba ya wanawake wenzake.

Bwana Makame alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Akachuma waridi jeupe. "Hili likigeuka jekundu, nitafungua kisima. Ila usilipake rangi, wala usiliguse!"

"Naam, Bwana. Nipe siku mbili. Lifungie chumbani mwako, ufunguo ukae nao mwenyewe. Lakini limeshakatwa, maskini, litakufa kwa kiu. Litilie maji kidogo."

"Maji yangu nilinyweshe ua lililokwisha kukatwa? Nina wazimu?"

"Basi nitaleta yangu, japo tumeyateka mbali."

Akaleta guduria la udongo lenye shingo nyembamba. Bwana Makame akalitia waridi humo kwa mkono wake, akafunga mlango, akaenda zake akitabasamu.

Siku ya pili akafungua mbele ya wanawake na ndoo zao. Waridi lilikuwa jekundu mpaka kwenye ncha za petali.

"Nani kaingia humu?"

"Ufunguo si unao wewe, Bwana?"

Akalinyakua guduria, akalipindua. Kanzu yake nyeupe ikarowa rangi ile ile nyekundu ambayo Bi Kazija hutilia ukili wa mikeka.

"Mimi sikuligusa," alisema Bi Kazija. "Ungelinywesha maji yako, lingebaki jeupe. Haya, lete ufunguo wa kisima."